Mashine ya Matusi

Baba yangu aliwatukana watu kwa miaka ishirini na saba, na watu hao hao ndio waliomletea alizeti. Nikiwaeleza watu wa mbali jambo hili huwa wanacheka, wanadhani natania. Basi ndiyo, natania. Habari yenyewe ni hiyo.

Aliitwa Hezekia. Alikuwa Mnyiramba wa upande wa Kiomboi, mrefu, mkavu wa mwili, na alikuwa na kikohozi ambacho hakikuwa ugonjwa. Alikohoa mara mbili kabla ya kusema neno lolote, kama mtu anayepiga hodi. Mashine yake ya kukamua mafuta iko Ikungi, hatua chache kutoka barabara ya Dodoma, na ukutani aliandika kwa rangi ya bluu jina zuri la biashara ambalo hakuna mtu aliyewahi kulitumia. Kuanzia Issuna mpaka huku kwetu iliitwa Mashine ya Matusi. Ukimwuliza mtu magunia anapeleka wapi, atakujibu, "Napeleka kwa Matusi." Shuleni niliitwa Dina wa Matusi na wala sikuona ubaya.

Msimu ukifika, uani hapakuwa na pa kukanyaga. Magunia, punda, mikokoteni, akina mama wameketi juu ya mizigo yao wakichambua mboga ili muda usipotee bure. Harufu ya mbegu zilizopata moto iliingia hadi kwenye sare zangu za shule. Hata sasa, nikiisikia harufu hiyo kwa ghafla, mwili wangu unakuwa wa mtoto wa darasa la tatu. Na katikati ya hayo yote alisimama Baba mlangoni na kofia yake ya pama ya kahawia. Mtu akiingia getini, alikohoa mara mbili, kisha akamwita fundi wa mashine kwa sauti ya kufika sokoni:

"Enock! Fungia kuku, Wanyaturu wameingia!"

"Fungia mlenda wako wewe, sisi tumekula kwetu!"

"Haya magunia yana alizeti kweli, au mmejaza vumbi la Issuna?"

"Kamua, mtumwa wangu. Nimekuja kukamua, sikuja kuongea na watumwa."

Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa, ila wageni wapo. Wanyiramba na Wanyaturu ni watani. Kila mmoja humwita mwenzake mtumwa, humsingizia wizi wa kuku, na hakuna anayekasirika. Lakini ukipata shida, mtani ndiye anayefika kwanza, na msibani kazi nzito ni zake. Adabu nayo ilikuwa na nafasi yake. Kwa mzee, shikamoo ilitangulia, hilo halikuwa na mjadala. Matusi yalifuata baada ya marahaba.

Baba alikuwa na mipaka yake pia. Hakumtania mtu kwa jambo la kweli linalomuuma. Mwenye mguu mbovu hakusikia neno lolote la miguu pale kwetu. Na alikuwa akisikiliza majibu kuliko nilivyojua wakati ule. Siku moja mama mmoja anayeitwa Radhia aliingia na magunia matatu, Baba akamrushia maneno yake, yule mama akasema tu, "Asante, Mzee Hezekia." Baba alivua kofia. Alimwambia Enock azime mashine, uani kukawa kimya, akamkalisha Radhia kivulini kando ya ukuta. Kumbe mwanawe alikuwa amelazwa Singida mjini na hakuna wa kumpelekea chakula. Baba alimpakia kwenye pikipiki kama alivyo, na khanga zake za shambani, akampeleka mjini. Alizeti zake zilikamuliwa hivyo hivyo bila mwenyewe kuwepo, na mafuta yakafikishwa nyumbani kwake. Mtani asiyejibu ana jambo. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu ya biashara ya baba yangu, na hakuisomea popote.

Lakini mtani wake hasa alikuwa Mzee Mosi wa Issuna.

Walikutana kabla sijazaliwa. Baba alikuwa fundi wa kuzunguka, anatengeneza vinu vya kusaga vijiji kwa vijiji, begi la spana begani. Alifika Issuna hajui mtu. Watu walimtazama tu, mgeni mwenye vyuma. Mosi akamwuliza, "Wewe kabila gani?" Baba akasema Mnyiramba. Mosi akampokonya lile begi akapiga kelele kijiji kizima kisikie: "Jamani, mtumwa wangu aliyetoroka nimempata!" Akampeleka kwake akamlisha. Akamlaza siku nne. Baba alipotaka kiwanja cha mashine pale Ikungi na wenyewe wakawa wanasitasita kumpa mtu wasiyemjua, Mosi ndiye aliyesimama mbele yao akasema, "Mpeni, ni wangu huyu, akiharibu nitafuteni mimi." Kila nikitazama ule ukuta namkumbuka Mosi, maana bila neno lake usingekuwepo.

Mimi niliondoka. Nilipata kazi mapokezi kwenye hoteli moja Dodoma, nikakaa miaka minane. Nilivaa koti la bluu, nikajifunza kutabasamu na meno na kusema, "Karibu mpendwa mteja, nikusaidie nini?" Nilikuwa hodari. Nilijivunia mno jinsi nilivyoweza kusema na mtu dakika kumi asijue nina hali gani moyoni.

Baba alianguka ghafla mwezi wa pili, moyo ukasimama, akiwa ameshika spana. Alikuwa amesema siku nyingi kwamba azikwe Ikungi, na akazikwa Ikungi.

Nitalisema hili bila kujipendelea. Siku ya mazishi watani walikuja kama desturi. Wanaume wawili wa Kinyaturu waliingia kaburini wakaketi humo, wakagoma kutoka mpaka wapewe kuku. Niliyaona hayo nikavumilia. Kisha Mzee Mosi akaingia ndani ya nyumba yetu, akaitungua ile pama kwenye msumari wake, akaivaa, akatoka uani katikati ya waombolezaji. Alitembea kama Baba, ameinamia mbele kidogo. Akakohoa mara mbili.

"Enock! Fungia kuku, Wanyaturu wameingia!"

Watu waliangua kicheko. Kilikuwa kicheko cha watu wanaolia, wengine wameshikana mabega, Radhia ameketi chini kabisa amejifunika uso. Mimi kile kikohozi kilinichoma mahali ambapo hakuna aliyepajua. Nilimfuata Mzee Mosi mbele ya watu wote nikaipokonya ile kofia kichwani mwake.

"Mzee, huna haya? Baba yangu hajafukiwa bado unamfanya kichekesho? Toka hapa kwetu!"

 Mzee Mosi alinitazama. Halafu akasema taratibu, "Samahani sana, mama," akageuka akaenda zake, na watani wote nyuma yake. Majembe yalibaki yamechomekwa kwenye udongo. Watu wa kanisani ndio waliomalizia kufukia.

Nilijua. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mgeni angesamehewa, mimi nilizaliwa ndani ya utani huo na nilijua.

Niliacha kazi Dodoma nikarudi, kwa sababu Mama alibaki peke yake na mashine ndiyo iliyokuwa kila kitu chetu. Mfanyabiashara mmoja wa Singida mjini alikuja kwa heshima zote akasema yuko tayari kununua mashine na kiwanja. Nilimwambia nataka kujaribu msimu mmoja. Akasema sawa, atarudi mwisho wa mwezi wa nane kuchukua jibu. Mama alimkaribisha chai. Alipoondoka, Mama alikwenda kukaa kando ya kaburi mpaka jua likazama.

Basi nikajifunga kibwebwe. Nilipaka ukuta rangi mpya. Nikaandikisha kwa herufi kubwa, MTEJA NI MFALME. Nikaweka mabenchi, nikaweka maji ya kunywa, nikanunua daftari la kuandika zamu ili watu wasigombane. Nikasimama mlangoni pale pale alipokuwa anasimama Baba, nimevaa lile koti la bluu.

"Karibu sana mpendwa mteja, nikusaidie nini?"

Mzee wa kwanza niliyempokea hivyo aligeuka nyuma kuangalia ni nani huyo mteja anayekaribishwa. Alipoona hakuna mtu, alishusha magunia yake, akaketi kwenye benchi kwenye ncha kabisa, magoti pamoja, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Alikamua, akashukuru, akaondoka. Hakurudi tena. Wiki ya kwanza walikuja watu kumi na wawili. Wiki ya tatu walikuja wanne. Mwezi wa saba ulipoingia, msimu umepamba moto, uani kwetu kuku walikuwa wanaoga vumbi katikati ya mchana na hakuna wa kuwasumbua.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mashine nyingine. Nilikuwa nasikia muungurumo wake kutwa. Nilijipa sababu zote: wana mashine mpya, wana kivuli kikubwa, wanakamua haraka. Enock, aliyekaa na Baba tangu ana nywele nyeusi, alinisikiliza akasema, "Ile mashine yao inaacha mafuta kwenye mashudu, dada. Hata mashudu yao yanang'aa."  Akaendelea kupangusa chuma ambacho hakikuwa na vumbi.

Halafu siku moja saa nne asubuhi nikamwona Radhia anapita na mkokoteni umejaa magunia, anaelekea ng'ambo. Radhia! Nilitoka mbio na koti langu.

"Mama Radhia! Mteja wetu! Mbona unatupita jamani?"

Alisimamisha punda. Alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwani, akasema kwa ile sauti nyembamba ya dada wa kwenye simu, "Mteja unayempigia hapatikani kwa sasa. Tafadhali jaribu tena baadaye." Akampiga punda wake, akaenda.

Nyuma yangu nilisikia Enock anacheka ndani ya chumba cha mashine. Nilirudi nikamwambia kama kazi imemshinda aseme. Akasema haijamshinda, ila kazi yenyewe haipo.

Niliingia jikoni nimefura. Mama alikuwa anachambua choroko.

"Mama, watu wa hapa wana roho gani? Nimewapa mabenchi, nimewapa maji, nasema nao kama malaika!"

"Wanasema umewakasirikia," Mama akasema.

"Mimi? Nimewakasirikia na nini?"

"Mtani akianza kusema na wewe vizuri, ana kinyongo. Mtu mzima ulimwambia toka mbele ya msiba. Tangu siku hiyo unawaita wateja. Sasa wao wasikie nini?"

Niliketi kwenye kigoda. "Mbona hukuniambia siku zote hizi?"

"Uliniuliza lini? Ulikuwa unapaka rangi."

Kesho yake nilichukua ile pama, nikaifunga kwenye khanga, nikanunua kilo mbili za sukari, nikapanda basi la kwenda Issuna. Njiani niliiandaa hotuba yangu. Ilikuwa hotuba nzuri, ina mwanzo na mwisho.

Mzee Mosi alikuwa uani kwake, anapiga vichwa vya alizeti kwa fimbo, mkwewe anapepeta. Alikuwa amekonda. Niliinama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Karibu mgeni. Mleteeni mgeni kiti."

Mgeni. Mtu huyu alinibeba mgongoni nikiwa mtoto, akitishia kwenda kuniuza mnadani nibadilishwe na mbuzi. Niliketi. Nikaitoa hotuba yote. Nikasema nilikosa, nikasema uchungu ulinizidi, nikampa sukari kwa mikono miwili. Aliipokea kwa mikono miwili. Akasema hakuna shida, mama, hayo yamekwisha. Akaniuliza habari za safari. Akaniuliza habari za mvua za Ikungi, kana kwamba Ikungi iko nchi nyingine. Nikamjibu. Halafu akajifuta mikono, akasema:

"Basi mama, tunakushukuru sana kwa kututembelea."

Maneno hayo nilikuwa nayajua. Nilikuwa nimeyasema mimi miaka minane, kila siku, kwa watu waliokuwa wanarudisha funguo na ambao sikutaka kuwaona tena. Hapo hasira ikanipanda, ile hasira yangu niliyozaliwa nayo na ambayo hoteli haikuweza kuitoa.

"Mzee Mosi!" Nilisimama mpaka kiti kikaanguka. "Nimekuja juani toka Ikungi, na kilo mbili za sukari, unanishukuru kwa kukutembelea? Umekuwa meneja wa hoteli? Hivi wewe Mnyaturu gani hata kununa hujui? Miaka ishirini na saba umekula kwetu! Kuku wa mama yangu wote wamezikwa tumboni mwako, mpaka yule jogoo aliyekuwa wa mchungaji, tunajua! Mtumwa mzima unatoroka kazi tangu mwezi wa pili, umekaa hapa unapiga alizeti kama mtu huru! Nani amekupa ruhusa?"

Nikaziba mdomo. Nusu ya kwanza ilikuwa yangu, kwa hasira kabisa. Nusu ya pili sikujua imetoka wapi, ila sauti niliifahamu.

Mkwe wa Mzee Mosi alikuwa amesimama na ungo hewani. Mzee aliiweka fimbo chini polepole.

"Hebu rudia," akasema. "Hapo pa jogoo."

"Jogoo wa mchungaji," nikasema. "Ulimla na miguu."

Mzee Mosi aliketi pale pale juu ya maganda ya alizeti. Alianza kucheka bila sauti, mabega tu yakitikisika, kisha sauti ikatoka, akacheka mpaka akajishika mbavu. Kisha nikaona machozi yanamtoka na hacheki tena. Alilia waziwazi kama mtoto, yule mzee, mbele ya mkwewe, na mimi nikapiga magoti kwenye maganda nikalia naye.

"Sikumlilia mwenzangu," akasema. "Ulinifukuza sijamlilia. Sisi kulia kwetu ni kule, mwanangu. Kofia ile ndiyo nilikuwa namlilia nayo."

Nilifungua khanga. Niliitoa ile pama nikamvika juu ya kofia yake ya kufumwa, ikakaa upande.

"Kaa nayo," nikamwambia. "Labda itakuongezea akili."

"Haiongezi. Ilikaa kwenye kichwa cha Mnyiramba maisha yake yote, umeona amepata nini?"

Alinilisha ugali na mlenda, akanilazimisha nirudie, akinisimanga kwa kila tonge kwamba Wanyiramba wana njaa ya kuzaliwa nayo. Sijala chakula kitamu kama kile tena. Kuhusu mashine hatukuongea hata neno moja, mimi sikuomba na yeye hakuahidi. Nilirudi Ikungi nikijua tu kwamba nina mtu Issuna.

Zilipita siku tano. Mwezi wa nane ulikuwa unaelekea ukingoni, na yule mfanyabiashara alikuwa amepiga simu kukumbusha. Asubuhi ya siku ya sita nilikuwa nimeligeuzia geti mgongo, nakwangua lile neno MTEJA ukutani kwa kisu cha jikoni. Koti la bluu nilikuwa nimempa Enock, analitumia kupangusia mashine.

Nyuma yangu mtu akakohoa mara mbili.

"Abee, Baba," nikaitika. Nilikuwa nimeshaitika kabla sijakumbuka.

Niligeuka. Mzee Mosi alikuwa amesimama getini na ile pama, ameinamia mbele kidogo. Nyuma yake mikokoteni ilikuwa imepangana mpaka barabarani, niliihesabu kumi na minne kisha nikaacha, maana macho yalikuwa yameanza kunisaliti. Radhia alikuwa wa pili, ameketi juu ya magunia yake na mwavuli.  Punda wenyewe walikuwa wametulia. Wote walikuwa wananitazama mdomoni, na nilijua wanasubiri nini.

Nilikohoa mara mbili. Sikuwa nimepanga kukohoa.

"Enock!" nikasema. "Fungia kuku..."

Nikakwama.  Mama alikuwa ametoka jikoni, amesimama mlangoni, mkono kifuani. Nilijaribu tena, sauti haikutoka.

Radhia akasimama juu ya magunia yake, akaufunga mwavuli.

"Fungia kuku, Enock," akapaza sauti, "Wanyaturu tumeingia!"

Na Enock, kule ndani, akawasha mashine.